Sauti Isiyo na Mwenyewe

Njia niliyofikia Tulivuni sitaieleza, kwa sababu kila nikiieleza inakuwa nyingine, na mke wangu amechoka kunisahihisha mbele za watu. Inatosha kusema kwamba nilifika saa sita mchana, na mbingu ilikuwa imejaa nyota. Jua lilikuwapo, ila jua la kule ni la upole, limepauka kama chai iliyozidi maziwa, wala halina nguvu ya kuzifukuza nyota. Watu walikuwa wakianika nguo chini yake bila wasiwasi. Mama mmoja alinielekeza njia ya mjini kwa kidole, hakusema neno. Nikadhani ni bubu, kisha nikadhani ana jeuri. Baadaye nilielezwa kwamba siku ile ilikuwa zamu ya mtaa wake kunyamaza.

Mimi ni fundi redio. Nimekaa na vyuma vya watu miaka ishirini na minane, na sikio langu, nisijisifu, hutambua spika iliyochanika kabla mwenye redio hajavuka kizingiti. Nasema haya ili msomaji ajue kwamba niliyoyasikia Tulivuni niliyasikia vizuri. Mambo mengi ya nchi ile nayakumbuka kama mtu anavyoikumbuka homa: barabara zenye ukungu hadi magotini, punda waliovishwa soksi, milango inayofungwa kwa pamba. Lakini ile sauti naikumbuka sawasawa, na hata sasa naweza kuigonga mezani.

Kazi ya nchi nzima ni moja tu, nayo ni kutafuta kama huko juu yupo mtu mwingine aliyewahi kutengeneza kitu. Hawatafuti Mungu, wanaye. Hawatafuti malaika wala majini, maana hao, waliniambia, hawahitaji mashine. Wanatafuta alama ya fundi. Juu ya kila kilima wamesimamisha sinia la bati pana kama uwanja wa mpira, limetazamishwa mbinguni, na chini ya kila sinia ameketi msikilizaji na hedifoni zake. Mkulima hulima ili msikilizaji ale. Mfinyanzi hufinyanga ili msikilizaji apate kikombe. Hata wezi, nilihakikishiwa, huiba kimyakimya kwa uzalendo.

Shida ya kazi hiyo fundi yeyote ataijua. Mashine inayosikia mbali husikia na karibu. Cherehani ya jirani itakwaruza ndani ya hedifoni, na mashine ya kusaga, na jokofu, na hata swichi ya taa. Kwa hiyo kila chombo Tulivuni kina cheti cha sauti yake, na vyeti vyote vimewekwa katika jengo refu lisilo na madirisha liitwalo Ofisi ya Wenyewe. Ikisikika sauti mpya, kwanza hutafutwa mwenyewe. Isipopatikana katika vyeti, hutangazwa katika masoko saba: aliyeitoa ajitokeze. Ikipita masoko yote saba bila kudaiwa, ndipo itaandikwa kwamba si yetu, imetoka kwa wengine. Nilipoelezwa sheria hii niliisifu kwa moyo wote, maana hakuna fundi mwenye akili anayelaumu mawingu kabla ya kukagua waya wake mwenyewe.

Ila sheria hufuata tabia ya nyumba inamokaa, na watu wa Tulivuni ni waungwana kupita kiasi. Kwao hakuna aibu kubwa kuliko kukiacha kitu bila mwenyewe. Mbuzi akionekana peke yake njiani, watajitokeza watu sita kumdai, si kwa wizi bali kwa huruma, asije akajiona hana kwao. Mgeni akifia huko, ukoo mzima utajipachika kwake na kumlilia siku tatu. Basi mpiga mbiu anaposimama sokoni na kusema kuna sauti haina mwenyewe, lazima mkono wa mtu uinuke. "Ni yangu," atasema. Na kumdai ushahidi mtu aliyesema hivyo ni tusi zito kuliko kumtukania mama.

Bwana Pazi, Mkuu wa Ofisi ya Wenyewe, alinitembeza katika jengo lake siku yangu ya nne. Alikuwa mtu mwembamba mwenye viganja laini, ananukia karafuu, na alizungumza kama anayebembeleza mgonjwa. Aliniambia kwamba katika miaka mia mbili masinia yamenasa sauti elfu nne mia moja na kumi na mbili ambazo hazikuwa na cheti.

"Na ngapi zimeandikwa kwamba si zenu?" nikauliza.

"Hakuna, ndugu mgeni." Akatabasamu kwa unyenyekevu. "Zote zimepata wenyewe. Haijalala nje hata moja."

Nikamuuliza kama haoni kwamba kwa njia hiyo watatafuta mpaka kiama. Akanitazama kwa huruma, akaniuliza kama nimekula.

Nilihudhuria pia Baraza la Dalili, ambalo limeketi miaka mingi kujadili kitu kilichotengenezwa kitajulikanaje kikiwa mbali. Mjumbe mmoja mnene alisema kwamba penye akili pana takataka. Mnyama hula na kuondoka, lakini mwenye akili huacha moshi nyuma yake, kwa hiyo itafutwe dunia ambayo hewa yake imechafuka, maana hapo pana wasomi. Hoja yake ilikuwa na wafuasi wengi, na ndiyo iliyozaa sheria ya kila nyumba kuchoma jalala lake siku ya Alhamisi, ili wenzao wa huko juu wakiangalia wasije wakaidharau Tulivuni. Nilikohoa Alhamisi zote nilizokaa kule. Mama mmoja aliyevaa miwani akampinga vikali. Alisema mwenye akili hujulikana kwa uchoyo, kwamba akishalipata jua lake atalizungushia ua usipotee hata mwali mmoja, basi zitafutwe nyota zenye uzio. Wakabishana siku nne. Siku ya tano mjumbe wa nyuma kabisa, sauti yake ndogo, aliuliza je, hawezi kuwapo mwenye akili ambaye hachafui wala hazungushi ua? Ukumbi ulicheka mpaka kikao kikaahirishwa, na yule mjumbe akapewa onyo kwa kuleta mzaha.

Haya yote yangebaki kuwa vichekesho vya safari kama nisingekuwa nimefikia kwa Bi Mwandazi.

Alikuwa msikilizaji wa kilima kidogo kuliko vyote, bibi wa miaka sabini na kitu, na sinia lake lilikuwa limezibwa matundu kwa vifuniko vya makopo ya samli. Alinipokea kwa sababu kipaza sauti chake kilikuwa kikikwaruza na alisikia kwamba mimi ni fundi. Nilikitengeneza siku ya kwanza. Siku ya pili nilimrekebishia betri. Baada ya hapo tukawa tunakaa tu, yeye anatafuna tangawizi asisinzie, mimi nimejilaza kwenye mkeka nikizitazama nyota za adhuhuri zikielea juu ya nguo zilizoanikwa. Sijawahi kupumzika vile maishani.

"Shikamoo, bibi," nilikuwa nikimwambia asubuhi.

"Marahaba, fundi. Lete sikio lako hapa."

Siku ya saba alinivika hedifoni mwenyewe, akanishika kiwiko kama mtu anayemvusha kipofu. Nikasikia vumo la kawaida la anga, lile la mvua juu ya bati. Kisha ndani yake, mbali sana, kitu kikagonga. Kiligonga mara kumi na moja, kikanyamaza kadiri ya pumzi tatu. Kikagonga mara saba, kikanyamaza. Kisha kumi na moja tena.

Nikavua hedifoni nikakagua kila kiungo. Nilikata umeme wa kilima chote, tukabaki na betri. Sauti ikabaki. Nikaomba sinia lisogezwe pembeni ya ile nyota lililokuwa limeielekea, kwa upana wa kidole, sauti ikatoweka. Likarudishwa, nayo ikarudi. Nyota ikivuma huvuma kwenye masafa yote, lakini sauti hii ilikuwa imesimama kwenye uzi mmoja mwembamba, na uzi wenyewe ulikuwa ukishuka taratibu, vile unavyoshuka mlio wa kitu kinachozunguka na kukupa kisogo. Tukapeleka ujumbe kilima cha pili. Wakasema nao wanaisikia, kutoka pale pale. Ilidumu mchana ule mmoja, ikazimika.

Nililia, na sioni haya kuliandika hilo. Miaka ishirini na minane nimetengeneza redio ili watu wasikilize mpira na matangazo ya vifo, na sasa nilikuwa nimesikia fundi mwenzangu.

"Huja kila baada ya siku thelathini na saba," alisema Bi Mwandazi. "Mwaka wa tisa huu."

"Umewaambia?"

"Mara mbili." Akatema tangawizi. "Ya kwanza alijitokeza msaga nafaka wa Soko la Tatu, akasema ni mashine yake. Hana mashine, mwanangu, ana kinu cha mkono. Ya pili alikuja mjane mmoja, akasema ni pampu ya marehemu mumewe. Alilia sana. Ningefanya nini? Nilimpa pole."

Kisha akanieleza lililobaki. Msikilizaji huruhusiwa kuitangaza sauti moja mara tatu tu. Ikipata mwenyewe mara ya tatu, kumbukumbu zake zote hukabidhiwa huyo mwenyewe, na sinia hugeuzwa upande mwingine, lisirudi tena kwenye nyota ile maisha. Mara yake ya tatu ilikuwa imebaki mwezi mmoja. Kwa hiyo mwaka mzima alikuwa akizunguka nyumba kwa nyumba, kwa miguu yake ile iliyovimba, akiwaomba watu wamwahidi kwamba watanyamaza. Na watu wa Tulivuni wakiahidi wameahidi. Nyumba zilizokuwa zimesalia tulizunguka pamoja, mimi nikimbebea mkoba wake. Mlangoni alisema maneno yale yale kila mahali: "Niachieni huyu mmoja. Najua mna huruma, lakini huyu niachieni." Wakamwahidi, wengine huku wakibubujikwa na machozi.

Mimi hakuniomba niahidi, kwa sababu hakuona haja.

Siku moja kabla ya soko la saba, alasiri, Bwana Pazi alipanda kilimani akanikuta peke yangu ninasafisha soketi. Masoko sita yalikuwa yamekwisha kupita bila mkono kuinuka. Niliambiwa kwamba katika Soko la Tano watu walishikana mikono wao kwa wao wasije wakasahau, na kwamba mzee mmoja alizirai.

Akaketi kwenye kigoda, akakunja kanzu yake vizuri magotini.

"Wahenga wa kwenu wanasemaje?" akaanza. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe leo una siku arobaini kasoro moja kwetu, na jembe hatujakupa."

"Kama kuna kitu cha kutengeneza, mheshimiwa, nipo."

"Kipo. Kesho, sokoni, mgeni huulizwa mwisho. Raia wote wamefungwa na ahadi. Wewe hujaahidi."

Nikacheka. Nikamwambia kwamba ile sauti nimeipima kwa mikono yangu, na kama kuna kitu duniani ninachokijua kwa hakika ni kwamba haikutoka Tulivuni, wala kwetu.

"Najua," akasema.

Hapo nikaacha kusugua soketi.

"Unanidhania mjinga," akaendelea kwa sauti ile ile ya kubembeleza. "Nimesoma kumbukumbu za Bi Mwandazi kuliko yeye mwenyewe. Najua ni kweli. Ndiyo maana nimekuja. Hebu fikiria, ndugu yangu. Yupo mtu huko, anagonga, miaka na miaka, na hakuna anayemfahamu, na hatuwezi kumfikia hata tukianza kutembea leo. Nikishaliandika hilo, watu wangu watakula nini washibe? Watalalaje? Hapa mbuzi mmoja akilala nje mtaa mzima haulali."

"Si mlikuwa mnamtafuta?"

"Kumtafuta tunaweza," akasema Bwana Pazi. "Tumezoea."

Nilimfukuza, kwa adabu, lakini nilimfukuza. Nilimwambia mimi si mtu wa kuuza sikio langu. Aliniaga vizuri, akaniombea usingizi mwema, akashuka kilima polepole akishika kiuno. Bi Mwandazi aliporudi sikumwambia kitu, maana sikutaka apoteze hamu ya chakula.

Soko la Saba liko bondeni, na siku ile ukungu ulikuwa umejaa ndani yake kama maziwa ndani ya bakuli, kiasi kwamba watu walionekana kuanzia kifuani. Nyota zilikuwa zimesimama juu yetu, zimetulia. Bi Mwandazi alikuwa amevaa khanga mpya na ameketi mbele, kumbukumbu zake za miaka tisa zimefungwa kwa kitambaa magotini. Mikono yake aliiweka juu ya lile fungu.

Mpiga mbiu akasimama juu ya jiwe. Haji na ngoma, kwa kuwa ngoma haziruhusiwi. Alisema tu: "Kuna sauti. Hugonga kumi na moja, hugonga saba. Haina mwenyewe. Aliyeitoa aseme."

Kimya. Akarudia. Pale karibu yangu mzee mmoja alikuwa ameikalia mikono yake. Muuza uji, aliyekuwa akinipa kikombe kila nilipopita bila kunidai chochote, alikuwa ameuma upindo wa khanga na machozi yanamtiririka. Akarudia mara ya tatu. Watu walikuwa wakiyumba mahali waliposimama, kama wanaovutwa na kitu, lakini ahadi ni ahadi. Hakuinuka mtu.

"Raia wamepita," akasema Bwana Pazi kutoka mezani kwake. "Aulizwe mgeni."

Nikasimama. Neno langu nilikuwa nimelikariri tangu alfajiri, nalo ni fupi: si yangu. Mtoto wa miaka miwili angeweza kulisema. Nilimwona Bi Mwandazi amenigeukia na kutabasamu, tabasamu la mtu ambaye kazi yake imekwisha na sasa anangoja tu kupumzika.

Kisha nikafanya kosa la kuwatazama wengine.

Nimejaribu mara nyingi kujitetea kwa lile lililofuata. Nimesema ni ukungu, nimesema ni hewa ya kule. Nimejiambia kwamba nilichoka, au kwamba Bwana Pazi aliniroga. Ukweli ni kwamba niliona nyuso elfu mbili zinazonililia nizipunguzie uzito, nyuso za watu walionilisha na kunifulia, na katika mwili wangu mzima hakukuwa na nguvu ya kuwa mtu pekee asiye na huruma katika bonde lile. Nilikuwa nimewacheka siku arobaini. Mkono wangu ukainuka kabla sijauagiza.

"Ni yangu," nikasema.

Pumzi iliyotoka kwa watu wale niliisikia ikipita juu ya ukungu. Walikumbatiana. Walipiga vigelegele vya kunong'ona, namna yao, na muuza uji akanibusu mkono. Bwana Pazi akainamisha kichwa kuandika, akakosea, akafuta, akaandika upya. Nadhani hata yeye hakuamini kwamba ningefanya. Juu ya kilima kidogo wakaanza kuligeuza sinia, na vile vifuniko vya samli vikametameta kimoja kimoja kadiri lilivyozunguka.

Bi Mwandazi hakupiga kelele, wala hakuniuliza ushahidi. Kwao hauulizwi, na yeye alikuwa Mtulivuni kama wengine. Alisimama kwa taabu akaja mpaka nilipo, akaniwekea lile fungu mikononi, la miaka tisa, likiwa bado na joto la magoti yake. Nilitafuta hasira usoni mwake. Kama ningeiona ningeshukuru.

Akanisogelea kabisa, akanishika kiwiko kama siku ile aliyonivika hedifoni.

"Mimi niliisikia tu, sikuwahi kuielewa," akasema taratibu. "Sasa mwenyewe amepatikana. Niambie basi, mwanangu. Ilikuwa inasema nini?"

Na soko lote, kwa adabu yao, likanyamaza ili anisikie.